Korosho za Upande wa Pili wa Ukuta

Jumamosi, 12 Oktoba

Nimefagia chini ya mkorosho kabla jua halijapanda. Upepo wa Dodoma hauna adabu. Ukiinama unafagia, ukiinuka majani yamerudi. Korosho ishirini na sita zimedondoka tangu jana. Nimezikonyoa kwenye mabibo, matunda yake, nimezianika juu ya bati. Mabibo matatu mazuri nimeyala nimesimama, maji yakichuruzika mpaka kwenye kiwiko. Gauni limeingia doa, na doa la bibo halitoki.

Nyumba hii niliipanga kwa ajili ya mti. Dalali ananionyesha vigae, ananionyesha tangi la maji, mimi nachungulia dirishani. Tangu ofisi ihamie huku na sisi tuihame Dar pamoja nayo, Makole nzima sijaona mkorosho mwingine. Watu wanapita wanadhani ni mwembe unaoumwa.

Binti yangu Zubeda hajapiga. Yupo Mwanza, ana kazi, ana mume. Sawa.

Jumapili, 13 Oktoba

Tawi kubwa limevuka ukuta, limeingia kwa Mama Nyemo. Zikidondoka za tawi lile zinadondokea uani kwake. Hilo sina ubishi nalo.

Mama Nyemo anauza karanga. Anazikaanga mwenyewe kwenye banda lake la jiko, kwa mchanga wa moto, na sijaona karanga zake zikiungua hata siku moja. Kila asubuhi ananisalimia akiwa na ungo kichwani: "Mbukwenyi, Mama Afisa!" Anacheka. Halafu anakumbuka nimemzidi umri, anaongeza shikamoo. Uafisa wenyewe sina. Mimi ni mtunza kumbukumbu, maisha yangu ni mafaili. Lakini mtaa mzima ni yeye tu anayenisalimia bila kuanzwa, kwa hiyo jina nimeliacha.

Leo nimemwona kupitia tundu la ukuta anaokota. Korosho anatia kwenye ndoo. Bibo anaweka pembeni. Ndoo ilipojaa kidogo akayakusanya yale mabibo akayarusha upande wangu. Moja moja. Yakapasuka.

Kwetu Newala kuna sheria ambayo haikuandikwa popote. Mpita njia mwenye kiu anakula bibo la mti wa mtu yeyote, haulizwi. Korosho anaikonyoa anaiacha palepale, chini ya mti. Mtoto wa miaka mitano anaijua. Hata mwizi anaijua, anavunja akijua kwamba anavunja. Huyu kachukua korosho na kanitupia mabibo kama maganda ya ndizi.

Nimekasirika. Kwa kitu kilichoangukia uani kwake mwenyewe. Najijua.

Jumatano, 16 Oktoba

Mabibo manne tena. Moja limepiga ndoo ya maji.

Sikutoka. Nimesimama nyuma ya mlango kama polisi.

Ijumaa, 18 Oktoba

Leo hakunipata. Kanisalimia langoni, nikajifanya nahangaika na kufuli. Karudia. Kufuli langu halina tatizo lolote. Mwisho nikasikia ndala zake zinaondoka, taratibu, si mwendo wake.

Mpaka natoka mtaani nilikuwa najisikia mshindi. Kufika ofisini ushindi umeisha. Masijala tuko watatu, wenzangu wawili ni watoto wa juzi, masikioni wamejaza nyaya. "Mama, file ya leave iko wapi?" Nawapa. "Thank you, mama." Ndiyo mazungumzo yangu ya siku nzima, na nimeyahesabu.

Wameniletea fomu ya kustaafu niijaze mapema. Sehemu moja wanauliza anwani utakayoishi baada ya utumishi. Nimejaza zote nikaiacha hiyo.

Jumanne, 22 Oktoba

Mama Nyemo ameanika korosho kwenye kiroba juani. Anazigeuzageuza kwa kiganja na kuzipepeta kwenye ungo, kama karanga. Anataka kuzikaanga. Naona kabisa hesabu yake: zikikaangwa, ziuzwe kwenye vifungu vidogo kando ya karanga.

Hajui. Huku ni watu wa karanga, na karanga ni kitu kipole. Unaweka karai, unakoroga, unaonja. Korosho mbichi haionjwi. Ndani ya ganda lake kuna mafuta yanayobabua ngozi, na yakipata moto yanaruka na kuwaka, na moshi wake unafumba macho. Shangazi yangu alikuwa na kovu mkono mzima, na yeye alikuwa fundi. Kwetu tunachomea nje, mahali pa wazi, upepo mgongoni, fimbo ndefu mkononi, rundo la mchanga tayari. Hakuna mtu anayechomea korosho ndani ya banda.

Kesho nitamwambia.

Au asiambiwe. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Jumatano, 23 Oktoba

Nilikuwa nafagia. Akaita kutoka upande wa pili wa ukuta, sauti yake ileile ya kuuzia karanga.

"Mama Afisa! Shikamoo! Hivi hivi vidude vyako vinakaangwa na maganda yake au vinamenywa kwanza?"

Nikasimama na ufagio.

Akaita tena. "Mama? Upo?"

Nikaangalia miguu yangu. Vumbi lilikuwa limenifika kwenye vifundo. Nikavua ndala, nikaingia ndani pekupeku ili nisisikike.

Nimeandika hivi kama ilivyokuwa. Sina la kuongeza.

Ijumaa, 25 Oktoba

Hakuna kitu. Joto. Maji yametoka kwa saa mbili tu, nimejaza madumu yote.

Nimejiambia kwamba ameshaacha. Nimejiambia kwamba atamuuliza mtu mwingine. Nani, Makole hii?

Jumamosi, 26 Oktoba

Saa nne asubuhi nimenusa. Harufu ile huwezi kuisahau, inakaa kooni kabla haijafika puani. Nikatoka uani. Moshi mweusi unatoka kwenye banda la Mama Nyemo, mzito, unatambaa kwenye bati. Halafu akapiga kelele.

Sikumbuki nimepitaje langoni kwake. Karai lilikuwa linawaka lote, mafuta yanaruka. Yeye amekaa chini kwenye kona, kiganja machoni, hapati mlango. Jirani wa nyuma kaja na ndoo ya maji. Nikampigia kelele asimwage. Nikachota mchanga wake wa kukaangia karanga, ule ule, nikamwaga juu ya karai mara mbili, tatu. Nikamvuta Mama Nyemo nje kwa kanga. Nikamwosha uso na mkono kwa maji mengi na sabuni ya kipande, dumu zima, halafu dumu la pili. Mkono wa kulia umebabuka kuanzia kiganjani hadi kwenye kiwiko. Shavu pia. Macho yamevimba, hafumbui.

Bodaboda ingemtesa, tukakodi bajaji. Njia nzima ameshika kidole changu kimoja.

Hospitali wamemlaza. Nimerudi saa kumi. Nimeoga mara mbili na bado nanuka korosho.

Jumapili, 27 Oktoba

Mtaa mzima umekuja. Sijui hata walikuwa wakiishi wapi siku zote hizi. Mzee wa nyumba ya kona, ambaye sijawahi kumsikia sauti, kanishika mkono kwa mikono yake miwili. Mama mwenye duka kaniletea mkate. Wananisimulia mimi nilichofanya mimi. Jinsi nilivyojua kwamba si maji bali ni mchanga. Jinsi nilivyojua kuosha kwa sabuni.

"Bila wewe angekufa yule."

Mmoja akauliza nimejulia wapi. Nikasema kwetu ndiko kwenye korosho. Wakatikisa vichwa, wakasifu. Hakuna aliyeuliza swali linalofuata. Lilikuwa limesimama katikati ya chumba.

Nimefurahi. Hilo ndilo baya. Nimepika chai ya watu tisa na nimefurahi.

Jumatatu, 28 Oktoba

Karuhusiwa. Jicho la kushoto linaona, la kulia bado limefunikwa. Mkono una bandeji. Kazi haiwezekani kwa wiki kadhaa, na karanga ndiyo kula yake.

Nimempelekea uji kabla ya kwenda kazini. Nimemfulia. Nimemfagilia uwanja. Anasema "asante, mama" na kugeukia ukuta. Maumivu, nadhani.

Alhamisi, 31 Oktoba

Binti yake amefika kutoka Bahi, Nyemo mwenyewe, ameolewa huko. Kanipigia magoti langoni nikamwinua kwa nguvu. Kaniletea mchele wa kwao, debe zima, kaubeba kwenye basi kwa ajili ya mtu asiyemjua. Sikuweza kukataa na sikuweza kushukuru vizuri.

Tukiwa tunachambua mboga akanieleza, wala sikumuuliza. "Mama alikuwa anasema matunda ni ya Mama Afisa, lazima nimrudishie, sisi tuchukue hizi mbegu tu. Hakupenda tule cha mtu."

Kwa hiyo alikuwa ananirudishia. Kila siku alikuwa anarudisha mali yangu juu ya ukuta, kwa uaminifu, na mimi nyuma ya mlango naihesabu kama matusi.

Kisu kimenikata kidole. Afadhali. Nilipata sababu ya kuondoka.

Jumapili, 3 Novemba

Wanakwaya wenzake wamekuja baada ya ibada. Wameimba sebuleni kwake, nyimbo mbili, moja kwa Kigogo. Mimi na hijabu yangu wameniweka kwenye kiti kikubwa karibu na mgonjwa. Mwinjilisti kaomba, kanitaja kwenye maombi. Jirani aliyetumwa na Mungu, kasema.

Nilimwangalia Mama Nyemo. Jicho lake moja lililo wazi lilikuwa linaniangalia mimi. Wengine wote walikuwa wamefumba.

Nimerudi nyumbani nimejilaza mchana kweupe, na viatu.

Jumanne, 5 Novemba

Zubeda kapiga. Nikamsimulia moto wote, mchanga, bajaji, kwaya. Akasema, "Mama, umekuwa shujaa uzeeni." Nikacheka naye. Baada ya kukata simu nikaona nimemdanganya hata mtoto wangu.

Nimekwenda na uji nikiwa nimekwisha kuyapanga maneno. Nyemo yupo. Nikamwachia bakuli nikaondoka. Uongo: Nyemo alikuwa anatoka. Ningeweza kubaki.

Alhamisi, 7 Novemba

Jambo hili naliandika niliangalie. Nikikaa kimya, ninao mtaa. Watu wananiita kwa jina langu sasa, Mama Somoe, mtu kalitoa sijui wapi. Wananiuliza nimelalaje na wanangoja jibu. Mzee wa kona kaniwekea kiti kwenye kivuli chake. Kustaafu kukifika naweza kuijaza ile sehemu ya fomu nikaandika Makole, na pasiwe uongo.

Nikisema, narudi kwenye kufuli.

Na Mama Nyemo je? Yeye anabaki na mkono uliobabuka, nisipomwambia na nikimwambia. Basi kumwambia kutamfaa nini? Nimejiuliza hivyo nikiwa nakunja nguo zake. Swali la mtu mwoga. Linanukia akili lakini ni woga tu.

Ijumaa, 8 Novemba

Nimesema.

Nyemo amerudi Bahi asubuhi. Nikamkuta Mama Nyemo amekaa mlangoni, mkono kwenye mto, bandeji ya jicho imetoka. Nikakaa chini, kwenye sakafu, si kwenye kigoda. Nikamwambia nilikuwa najua korosho zinaunguza, nilimwona akizianika, nikanyamaza kwa sababu ya mabibo. Mabibo! Lilivyotoka mdomoni lilikuwa jambo dogo mpaka nikaona aibu kwa udogo wake.

Hakushangaa. Kuku walikuwa wanaparua.

"Nilikusikia, mama," akasema. "Siku ile nilipoita. Ulikuwa unafagia. Nilipoita, ufagio ukanyamaza."

Nikainama.

"Ufagio haujifagii. Nikasema moyoni, huyu hataki kunijibu, kuna kosa nimemfanyia. Nikasubiri uniambie kosa."

Alijua. Kwenye bajaji alipokishika kidole changu alijua. Kwenye uji alijua, na kwenye kwaya, jicho lile. Siku kumi na mbili ameninywea uji wangu akingoja niseme, wala hakumwambia mtu. Ningekuwa mimi ningeshautangazia mtaa.

Nikaomba radhi. Akasema, "Nimesikia." Si nimekusamehe. Nimesikia. Akaniomba nimsogezee maji karibu, halafu niende.

Jumatatu, 11 Novemba

Nimepeleka uji. Mlango umefungwa kwa ndani. Nimeuweka juu ya kigoda, nimeufunika. Jioni bakuli lipo langoni kwangu, limeoshwa. Sijui kama kaunywa au kawapa kuku.

Mtaani hakuna kilichobadilika. Bado wananiita, bado kiti cha mzee kipo. Hajamwambia mtu. Nilidhani ningefurahi. Nimepita kile kiti bila kukaa, nikasema nina haraka.

Jumatano, 13 Novemba

Mlango umefungwa. Bakuli limerudi.

Nimemwambia mama mwenye duka. Nilikwenda kununua chumvi nikamwambia yote, kuanzia tundu la ukuta. Aliacha kupima sukari. Akasema, "Loo." Akaendelea kupima. Kabla ya magharibi mtaa wote utakuwa nayo, na sawa, wasinisifu tena kwa kitu kile.

Mimi ni mpweke leo kuliko siku zote nilizokaa hapa. Zamani nilikuwa sijui ninachokosa.

Alhamisi, 14 Novemba

Kiti cha mzee kipo ndani. Labda ni kwa sababu ya mawingu. Mvua haikunyesha.

Jumamosi, 16 Novemba

Nilikuwa nimetandaza korosho zangu chini nizichague nikasikia lango. Mama Nyemo. Mkono ameufunika kwa kitambaa cheupe, shavu limebaki na waa jekundu. Ana kigoda chake mwenyewe amekibeba kwa mkono mzima.

Hakunisalimia. Akaweka kigoda, akakaa, akaniambia, "Choma nione."

Nikawasha moto nje, katikati ya uwanja, mbali na kila kitu. Nikatupa vumbi kidogo hewani nione upepo unaendea wapi. Nikamwomba ahamie upande wangu, akahama. Nikaweka karai. Nikaweka mchanga tayari. Nikakoroga kwa fimbo ndefu, nimegeuza uso, na yeye macho hayabanduki. Ziliposhika moto akasogeza kigoda nyuma hatua mbili. Nikamwambia, ngoja, bado. Nikazimwaga chini, nikazifunika mchanga, moshi ukaisha. Nikapaka majivu mikononi, nikabangua ya kwanza kwa jiwe, ya pili, ya tano. Sikumwambia maneno ya kujitetea hata moja. Aliuliza swali moja tu: majivu ya nini. Nikamweleza, yanazuia mafuta kwenye vidole. Akatikisa kichwa.

Nikampa moja, nyeupe, nzima, ya moto. Akaitafuna kwa upande usiouma. Akatafuna kwa muda mrefu.

"Karanga tamu kuliko hizi," akasema.

Nikacheka mpaka nikashika mbavu. Yeye hakucheka. Alisubiri nimalize. Halafu akanyoosha kiganja cha kushoto, nikamjazia, akafunga kwenye ncha ya kanga. Akainuka. Kigoda akakiacha. Sijui kama amekisahau au amekiacha. Sikumkimbilia kumuuliza.

Nimeosha karai. Nimekula saa moja. Kwa kawaida nikila nawasha redio, ili kuwe na mtu anayesema ndani ya nyumba. Leo sikuiwasha.